Kutibiwa sonona ukiwa Uingereza: kuanzia dakika 10 za GP hadi kidonge cha mwisho

Mtu wa kwetu akizidiwa na mawazo ughaibuni, ni nadra kumwendea daktari akasema ana huzuni. Huenda na kichwa kinachogonga, mgongo unaowaka moto, moyo unaokwenda mbio usiku, au tumbo analoamini lina vidonda. Maumivu hayo ni ya kweli, kwa sababu sonona (wengine huita mfadhaiko) huuma mwilini. Lakini GP (daktari wa kliniki ya mtaani) wa Uingereza ana kama dakika 10 kwa kila mgonjwa, na ukimpelekea kichwa peke yake atatibu kichwa. Utatoka na paracetamol, kisha utarudi baada ya miezi mitatu ukiwa umeshaacha kula na zamu za kazi umezipoteza.

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuzitumia dakika hizo, na jinsi ya kudumu kwenye tiba mpaka ifanye kazi. Taratibu tunazoeleza ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zinafanana nazo kwa mengi, ila huko dawa za cheti cha daktari ni bure kwa wote.

Hali ikiwa imeshafika pabaya, yaani mtu anapanga kujiua, amejidhuru, au anasikia sauti zinazomwamuru, usisubiri miadi. Piga 999 au mpeleke A&E (idara ya dharura ya hospitali). Kama hatari si ya dakika hii lakini usiku haupiti, piga 111 kisha chagua namba 2, uunganishwe na timu ya afya ya akili ya eneo lako. Shirika la Samaritans hupokea simu bure kwa 116 123, mchana na usiku. Aliyeko Marekani au Kanada apige 988. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani, linampa nafasi ya kusema. Kisha ondoa vidonge vilivyorundikana ndani na usimwache peke yake. Wengi hunyamaza kwa sababu wamekulia kwenye sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa jinai (Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu hicho Januari 2025). England si kosa tangu 1961, na anayepiga simu anatafutiwa matibabu, hashitakiwi.

Kabla hujamwona daktari

Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti, viza wala bili ya umeme. Mapokezi wakikukatalia kwa kukosa karatasi, waombe kwa upole wakuandikie sababu ya kukukataa. Wanatakiwa kufanya hivyo, na mara nyingi ombi hilo peke yake hufungua mlango. Wakati wa kuweka miadi, omba mambo mawili: muda wa wagonjwa wawili, yaani dakika 20, na mkalimani kama Kiingereza kinakukwama ukiwa na uchungu. Vyote ni bure.

Usimtumie mtoto wako kukalimani. Hatamwambia daktari kwamba mama anatamani asiamke kesho, na hastahili kubebeshwa jambo hilo. Kuhusu mkalimani, taja ni Kiswahili cha wapi: mtu wa Bukavu akipewa mkalimani wa Mombasa wataelewana kwa mengi, lakini mambo ya ndani yanaweza kupotea. Kama jamii yenu ni ndogo na unahofia kwamba mkalimani anasali na shangazi yako, omba wa simu kutoka mji mwingine, na umwombe daktari asitaje jina lako. Mkalimani naye amefungwa na siri kama daktari.

Andika nusu karatasi usiku wa kuamkia miadi, uikabidhi ukiingia. Iwe na tarehe na hesabu, maana "sijisikii vizuri" haimwambii daktari chochote. Mfano:

"Tangu Mei silali zaidi ya saa 3, naamka saa 9 usiku (3am) na usingizi haurudi. Nimepungua kilo 6 bila kujaribu. Nimekosa zamu 4 mwezi huu. Sipokei simu za nyumbani. Siendi tena kanisani wala kwenye vikundi. Nawaza kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila mimi, lakini sijapanga kufanya lolote. Dawa ninazotumia: ya presha, na vidonge vya uzazi wa mpango. Mjomba alilazwa Mirembe (hospitali ya akili, Dodoma)."

Saa andika kwa hesabu yao, maana saa 9 usiku yetu ni saa 3 yao. Kosa dogo hapo hubadilisha picha nzima ya usingizi wako. Dawa ziandike zote, na mitishamba pia, ARV pia, na kile kidonge cha usingizi alichokupa rafiki. Na kama uliwahi kupitia vita, kubakwa au gereza, andika mstari mmoja tu: "Niliona mambo mabaya 2012, yananirudia ndotoni." Hulazimiki kusimulia siku hiyo, lakini mstari huo unaweza kukupeleka kwenye tiba tofauti kabisa.

Karatasi ya maswali 9

Karibu kila mahali utapewa PHQ-9. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa raha na mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona huna maana, kushindwa kutulia akilini, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 za kati, 15 hadi 19 zimekaribia ukali, 20 na kuendelea ni kali. Wasiwasi hupimwa kwa GAD-7, yenye maswali 7 na alama 21.

Hapa ndipo watu wetu wengi hupotea. Tumelelewa kujibu "salama", "nashukuru Mungu", hata nyumba ikiungua. Mtu asiyelala siku 12 kati ya 14 anaweka alama ya "siku kadhaa" kwa sababu ana aibu kulalamika. Anapata 8, anashauriwa afanye mazoezi, anarudi nyumbani. Hesabu siku kwa vidole. Siku 12 kati ya 14 ni alama 3. Kumshukuru Mungu kuko palepale, na wala hakupunguzi alama.

Namba peke yake haimpi mtu ugonjwa. Daktari anatafuta dalili 5 au zaidi zilizodumu wiki 2, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa raha, na zikiwa zimevuruga kazi au nyumba. Mwombe pia vipimo vya damu, maana yapo maradhi yanayojifanya sonona: tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa damu (hasa kwa mwanamke mwenye uvimbe wa kizazi anayetokwa na damu nyingi), kisukari, upungufu wa B12 na wa vitamini D. Ngozi yetu nyeusi chini ya jua hafifu la huku hutengeneza vitamini D kidogo. NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) hushauri watu weusi wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Vitamini haitibu sonona kali, lakini uchovu wa damu chache haupaswi kutibiwa kwa dawa ya akili.

Jambo moja lisisahaulike hata kama daktari hakuuliza: je, umewahi kuwa na siku kadhaa za kulala saa 2 tu bila kuchoka, kuongea bila kupumua, kutumia pesa ovyo, kujiona huwezi kushindwa? Ikiwa ndiyo, huenda ni ugonjwa wa hisia mbili (bipolar), na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kukurusha juu ukafanya mambo ya kujutia.

Vilevile eleza imani yako kwa ukamilifu. Ukisema tu "nasikia sauti ya marehemu baba" daktari mgeni anaweza kuandika kitu kizito. Mweleze kama ni ndotoni au mchana, kama watu wa kwenu hupata hali hiyo msibani, na kama sauti inakutisha au inakuamuru. Watu weusi England hulazwa kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara 3 kuliko Wazungu, na sababu mojawapo ni kufika hospitali wakiwa wamechelewa, mara nyingine wameletwa na polisi. Familia isipoteze miezi ikizunguka kwa maombi au ruqya peke yake mtu anaposikia sauti na kudhani jirani anamwekea sumu. Dua iendelee, na timu ya saikosisi (kusikia au kuamini yasiyokuwepo) ya awali iitwe. Lengo lao ni kuanza tiba ndani ya wiki 2. Akilazwa chini ya kifungu cha 2 cha sheria hiyo ya afya ya akili, ni hadi siku 28, naye ana haki ya kukata rufaa na kupewa mtetezi bila malipo. Aombe siku za kwanza kabisa.

Mazungumzo au vidonge?

Kwa sonona nyepesi, anza na tiba ya mazungumzo. NHS Talking Therapies haihitaji barua ya GP: unajaza fomu mtandaoni au unapiga simu mwenyewe. Wengi huonwa kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 6, lakini kikao hicho huwa cha kupimwa, na cha pili kinaweza kukawia zaidi. Usidhani umesahauliwa, wapigie. Kosa la kawaida ni kuacha baada ya vikao viwili kwa sababu "alinisikiliza tu". Tiba hiyo ina kazi za nyumbani, na bila kuzifanya haisogei. Ndoto za vita na mauaji zina tiba yake, kwa kawaida vikao 8 hadi 12, inayopanga maisha yako kwa mfuatano na kuipitia ile siku taratibu. Aina mojawapo ilijaribiwa kwa wakimbizi wenyewe kambini Nakivale, Uganda.

Kwa hali ya kati na kali, vidonge pamoja na mazungumzo hufanya vizuri kuliko kimoja peke yake. Kinachoandikwa sana ni sertraline, 50 mg mara moja kwa siku. Ujue ratiba yake, maana wengi huacha wiki mbaya kuliko zote. Siku 10 hadi 14 za mwanzo huleta madhara bila faida: kichefuchefu, kuharisha, kichwa, wasiwasi kuzidi. Meza na chakula. Usingizi ukipotea, meza asubuhi. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4. Wiki ya 4 ikipita bila badiliko lolote, rudi. Dozi inaweza kupandishwa au dawa kubadilishwa. Kwa aliye chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni, kwa hiyo aonwe tena ndani ya wiki 1.

Nguvu za tendo la ndoa hupungua kwa baadhi, wanaume kwa wanawake. Wanaume wetu huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Mwambie daktari, ipo mirtazapine ambayo hugusa eneo hilo kidogo, ingawa huongeza usingizi na uzito.

Usichanganye na tramadol (dawa kali ya maumivu). Ibuprofen na aspirin pamoja na dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Na ule mmea uitwao St John's wort, unaouzwa dukani bila cheti, usiuguse: huharibu nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya ARV, dolutegravir ikiwemo. Kama bado unatumia efavirenz (nayo ni ARV), sema, kwa kuwa yenyewe huleta ndoto mbaya na sonona, na inaweza kubadilishwa.

Ramadhani si sababu ya kukatiza. Kidonge cha mara moja humezwa wakati wa futari au daku. Lithium (dawa ya ugonjwa wa hisia mbili) ni jambo jingine. Mwili ukikauka maji, kiwango chake kwenye damu hupanda hadi kuwa sumu, kwa hiyo mwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kutetemeka sana, kutapika na kuyumba ni dalili za kwenda A&E saa hiyohiyo.

Ukishapona, endelea na dozi ileile angalau miezi 6. Kisha punguza polepole kwa wiki au miezi, kwa ratiba ya daktari. Ukikata ghafla utapata kizunguzungu, hasira na mshtuko kama wa umeme kichwani, ukadhani ugonjwa umerudi.

Kazi, leseni na Home Office (wizara inayotoa viza)

Siku 7 za kwanza za kuumwa unajithibitisha mwenyewe kazini, baada ya hapo GP anakupa cheti. Unaweza kumwomba asiandike jina kamili la ugonjwa kama unahofia mwajiri. Mwenye leseni ya kuendesha lazima aiarifu DVLA (mamlaka ya leseni za udereva) kama ana saikosisi au ugonjwa wa hisia mbili. Kwa sonona, ikiwa tu inaathiri uendeshaji. Kuficha kuna faini ya hadi pauni 1,000. Kutibiwa sonona kwa GP si kosa la viza. Ukiwa na kipato kidogo England, jaza fomu ya HC1 kuomba dawa ziwe bure.

Ukisafiri kwenda nyumbani

Mwambie anayekuandikia dawa ya malaria kwamba una historia ya sonona. Mefloquine haifai kabisa kwako, inaweza kuamsha ugonjwa upya. Omba atovaquone na proguanil, au doxycycline. Beba vidonge vya safari nzima na wiki 2 za ziada, ndani ya maboksi yake yenye jina lako, kwenye begi la mkononi, pamoja na nakala ya cheti. Ukipitia Dubai au Muscat na vidonge vya kutuliza kama diazepam, angalia masharti ya nchi hiyo kabla hujakata tiketi, maana Falme za Kiarabu huvitaka viombewe kibali mapema. Vikiisha ukiwa huko, uliza kliniki ya afya ya akili ya Muhimbili (Dar es Salaam), Mathari (Nairobi), Butabika (Kampala) au Kidongo Chekundu (Zanzibar). Fluoxetine ni rahisi zaidi kuipata kuliko sertraline, lakini kuhama kutoka moja kwenda nyingine kupangwe na daktari, si muuza duka la dawa.