Somo: kupima joto linavyoshuka darasani kwa urea na vikombe viwili

Walimu wenzangu habari za leo, maabara zetu nyingi hazina amonia nitreti na hata ikiwepo mkuu kaifungia stoo, kwa hiyo tumia urea, ile mbolea nyeupe ya dukani, inafyonza joto vizuri tu na kilo moja inatosha mikondo yote.

1. Chukua vikombe viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, weka maji 50 ml. Maji yakae darasani tangu asubuhi, ukiyachota bombani muda huohuo yatakuwa bado yanapanda au kushuka yenyewe na hutajua kipi ni kipi.

2. Soma themometa kila nusu dakika kwa dakika tatu KABLA ya kuweka kitu. Hapa ndo wengi wanaruka, wanasoma mara moja wanamwaga.

3. Mwaga urea gramu 10 yote kwa mkupuo, koroga taratibu kwa kijiti (sio kwa themometa jamani, zinavunjika), endelea kusoma mpaka ifike chini kabisa ianze kupanda tena.

4. Chora grafu. Tuseme imetoka nyuzi 27 ikafika 19: gramu 60 (maji na urea) × 4.2 (joule za kupandisha gramu moja ya maji nyuzi moja) × nyuzi 8 = 2016 J. Moli moja ya urea ni gramu 60, gramu 10 ni moli 0.167, kwa hiyo unapata kama kJ 12 kwa moli. Vitabu vinasema karibu 15, tofauti ni joto la chumba lililopenya wakati chenga zinayeyuka. Waambie warefushe ule mstari wa kupanda kurudi nyuma hadi dakika ya kumwaga, watasogelea 15.

MASWALI

Swali: Mwl, themometa ya zahanati inafaa?
Jibu: Hapana, inaanzia 35, halafu ile ya zebaki haishuki mpaka uikung'ute.

Swali: Lakini kuyeyuka si mmenyuko wa kemikali, mwanafunzi wangu kanibana hapo nikakosa jibu
Jibu: Kakubana kihalali, hakuna kitu kipya kilichotengenezwa. Kipindi kinachofuata fanya bekingi soda na maji ya ndimu, gesi inatoka na joto linashuka, ila usifunike. Siki nayo inakubali ila inashuka kidogo. Angalia usinunue bekingi pauda.

Swali: Form three wangu wote wameandika delta H (badiliko la joto la urea inapoyeyuka) hasi kisa joto limeshuka 😅
Jibu: Hao wamesoma themometa wakasahau iko ndani ya maji. Maji ndo yamepoteza, urea imechukua, kwa hiyo ni chanya. Mimi huwa nawauliza tu "nani kaibiwa, nani kaiba?" na alama ya chanya anapewa aliyeiba.

Swali: maji yaliyobaki tunamwaga wapi
Jibu: Yazimue kwa ndoo nzima ya maji umwagie migomba ya shule, ni mbolea hiyo.