Kuchagua mkasi wa kukatia kitambaa cha fibaglasi cha ubao wa mawimbi

Kitambaa cha fibaglasi, kinachofunika ubao wa kuteleza juu ya mawimbi na kupakwa resini (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu), kina tabia mbili zinazoushinda mkasi wa kawaida. Nyuzi zake huteleza, kwa hiyo makali yanapofunga huzisukuma mbele badala ya kuzikata. Tena nyuzi zenyewe ni kioo, kigumu karibu sawa na chuma cha makali, hivyo kila mkato huondoka na chuma kidogo. Mkasi unaotafuna huacha ukingo wenye nyuzi zilizochomoka. Zikilowa resini na kukauka huwa vinundu, na katika kuvipiga msasa ni rahisi sana kula na tabaka zima lililo chini yake.

Maelezo haya ni ya vitambaa vya aunsi 4 na aunsi 6 kwa yadi ya mraba (kama gramu 135 na 200 kwa mita ya mraba), ndivyo vinavyotumika zaidi kwenye mbao za mawimbi.

Hatua ya 1: Urefu na vishikio

Tafuta mkasi wa fundi cherehani wa sentimita 25. Wa sentimita 20 unamfaa mwenye kiganja kidogo, lakini mkato wake ni mfupi, na kila unapofunga na kufungua upya unaweza kuacha kidato ukingoni. Unaozidi sentimita 30 ni mzito na ncha yake huyumba.

Vishikio viwe vimepinda kwenda juu. Mkasi wa namna hiyo bapa lake la chini hulala mezani na kuteleza chini ya kitambaa bila kukiinua. Ule wenye vishikio vilivyonyooka hukiinua, mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) vinahama, na kipande ulichokata kwa mstari kinaonekana kimepinda ukikirudisha mezani.

Hatua ya 2: Makali

Bora ni mkasi wenye bapa moja laini na jingine lenye vijino vidogo mno, ambavyo ukipitisha kidole kando yake unavihisi kama mikwaruzo tu. Vijino hivyo hushika uzi usikimbie, na bapa laini ndilo linaloukata. Mikasi yenye meno makubwa ya kuonekana kwa mbali iache, hiyo hurarua.

Kuhusu chuma, wengi hukimbilia kisichoshika kutu. Si kibaya, hasa karibu na bahari, ila chuma cha kaboni kilichokazwa vizuri kwa kawaida hudumu na makali muda mrefu zaidi, mradi kifutwe na kuhifadhiwa pakavu. Mimi ningetazama kwanza kiungo: kama mabapa yamefungwa kwa ribiti (pini iliyopondwa, isiyokazika tena), usichukue. Lazima pawe na skrubu inayoweza kukazwa, maana mkasi wa fibaglasi utalegea tu.

Hatua ya 3: Jaribu kabla ya kununua

Hapa usiwe na haraka.

Fungua mkasi hadi mabapa yawe kama pembe mraba, shika kishikio kimoja, achia kingine. Kikianguka hadi mkasi ukafunga wote, skrubu imelegea. Kisipotembea kabisa, imekaza mno na mkono utachoka. Kinatakiwa kishuke kidogo na kusimama.

Kisha ufunge na uutazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Mabapa yaguse kwenye ncha na kwenye kiungo, katikati pabaki upenyo mwembamba. Upenyo huo si kasoro: mabapa yamepindwa kidogo ili yabanane pale tu yanapokutana, kuanzia kiungoni hadi nchani. Yakiwa yamenyooka kabisa, nyuzi zitapenya katikati na kukunjika bila kukatika.

Mwisho kata kitambaa chenyewe, tabaka moja, kwa urefu wote wa makali. Mkasi karibu wowote mpya hukata karibu na kiungo. Angalia sentimita 3 za mwisho. Kama huna kipande cha fibaglasi, lowesha karatasi laini ya shashi ukate kwa ncha. Ikikunjwa au kuchanika, rudisha mkasi.

Hatua ya 4: Kukata juu ya kiini cha povu

Tandaza kitambaa mtande ukifuata kipande chembamba kinachopita katikati ya kiini kwa urefu, laza mikunjo kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kata ukizunguka ubao ukiacha sentimita 5 za kupindia upande wa pili. Usifunge mkasi hadi mwisho: simama kabla ncha hazijakutana, sukuma mbele, endelea. Ukifunga kabisa kila mara, ukingo utakuwa na vidato.

Puani na mkiani kitambaa hakiwezi kupinda bila kukunjika, kwa hiyo toa vipande vya pembetatu kwa ncha ya mkasi na usimame kama nusu sentimita kabla ya kufika kwenye ubao wenyewe. Mkato ukipita hapo, kona inabaki bila kioo, na kona ndiyo inayogonga kwanza.

Hatua ya 5: Mkasi wa pili

Mkasi mzuri usiguse resini hata siku moja. Weka mwingine wa bei ndogo kwa nyuzi zinazochomoka wakati wa kupaka. Huo ufute kwa asetoni papo hapo, kabla resini haijaanza kuganda. Ikishakauka asetoni haiiyeyushi, utabaki kuikwangua. Angalia na vishikio: plastiki nyingine hulainika na kunata zikiguswa na asetoni. Vaa glavu, na usifanye kazi hiyo karibu na moto wala cheche.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi natumia mkono wa kushoto. Nikigeuza tu mkasi haitoshi?*

Haitoshi, ndugu. Mabapa yamepangwa ili kiganja cha kulia kiyabane. Ukiushika kwa kushoto kiganja kinayatenganisha, na fibaglasi inaingia katikati na kukunjika. Nunua wa mshoto halisi, ambao bapa la juu liko upande wa kushoto.

*Kisu cha gurudumu je?*

Kizuri mezani, juu ya mkeka wa kukatia, kwa viraka vya mapezi na vipande vilivyonyooka. Kitambaa kinachoning'inia kando ya ubao hakikiwezi, kwa sababu hakuna cha kukandamizia. Gurudumu nalo huisha upesi. Ukiona linaruka nyuzi, badilisha, usiongeze nguvu.

*Mkasi wangu wa vijino umekuwa butu. Niunoe vipi?*

Noa bapa laini peke yake, kwa kufuata mteremko uliopo kiwandani. La vijino usilinoe kwa kinoo, utaviondoa. Upande wa ndani, pale mabapa yanaposuguana, usiuchonge kamwe. Pitisha mara moja tu, kinoo kikiwa kimelala bapa, kuondoa vipele vya chuma. Kabla ya yote, kaza skrubu kidogo ujaribu tena. Mara nyingi ubutu ni ulegevu.

*Naweza kuupaka mafuta usishike kutu?*

Tone moja kwenye kiungo, fungua na kufunga, futa mpaka kitambaa cha kufutia kitoke kikavu, kisha kata vipande vichache vya taka kwanza. Mafuta yakifika kwenye fibaglasi, resini haishiki pale na doa hubaki. Vilainishi vyenye silikoni visiingie kabisa kwenye chumba cha kazi.

*Mkasi huu utakata vitambaa vya kaboni na Kevlar?*

Kaboni ndiyo, ingawa makali yatachoka. Kevlar hapana: nyuzi zake ni ngumu kukatika, zitakunjika na kufumka. Inataka mkasi uliotengenezwa kwa ajili yake, na huo usiutumie kwa kioo, utaua makali yake.

*Ngozi inawasha baada ya kukata.*

Ni vipande vidogo vya nyuzi. Vaa mikono mirefu, miwani na barakoa ya vumbi, kisha osha kwa maji baridi bila kusugua. Mkasi butu huongeza tatizo, kwani huvunja nyuzi badala ya kuzikata.