Kupunguza uzito wa video ya tovuti (hasa zile za bichi)

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaotengenezea watu tovuti za gesti na za biashara ndogondogo, hii ni yenu. Mtu kapiga video Msimbati kwa iPhone, dakika moja tu, anakwambia "kaka niwekee pale juu kabisa mteja akifungua aione", ukicheki faili ni MB 400. Na simu haijadanganya, kwenye setingi za kamera imeandika kabisa kwamba 4K ya fremu (picha) 60 kwa sekunde inakula kama MB 400 kwa dakika. Sasa mteja yuko Masasi na kibando chake, anafungua, kitu kinazunguka tu, anafunga anahamia gesti nyingine.

Hesabu yake ni rahisi. Uzito ni bitireti (data inayotumika kila sekunde) mara sekunde. Video ya Mbps 2 (megabiti 2 kila sekunde) kwa sekunde 60 ni megabiti 120, gawa kwa 8 unapata MB 15. Ikiwa sekunde 20 inabaki MB 5. Kwa hiyo kabla hujagusa programu yoyote KATA kwanza, zile sekunde za mwanzo mtu anahangaika kuishika simu vizuri hazina kazi. Video ya kupamba ukurasa sekunde 10 mpaka 15 zinatosha sana, na kama hamna anayeongea toa na sauti, upepo wa baharini nani anautaka.

Halafu shusha HandBrake, programu ya kubana video, ni ya bure. Buruta faili uweke humo, chagua Fast 720p30, fomati iwe MP4, weka tiki kwenye Web Optimized. Hiyo tiki wengi wanairuka wakati ndo inayohamishia maelezo ya faili mwanzoni, ili brauza ianze kucheza bila kusubiri video yote ishuke. Kwenye kodeki (njia ya kubana video) hakikisha ni H.264, maana iPhone nyingi zinarekodi kwa kodeki nyingine, HEVC, na brauza nyingine zinaikataa. Kuna namba ya RF ya kupangia ubora, hiyo inaenda kinyume, ukiiongeza faili linapungua na ubora unashuka. Mi naanzia 24, naangalia, napanda 26.

Bahari sasa ndo kimbembe. Kodeki inabana video kwa kutorudia kuhifadhi kitu ambacho hakijabadilika kutoka fremu moja kwenda nyingine, sasa mzee kakaa barazani Mikindani anaongea, ukuta nyuma yake umetulia, faili linakuwa jepesi kabisa, lakini mawimbi na minazi inayopepea kila fremu ni mpya, kwa hiyo RF ileile inakupa faili zito mara kadhaa, na ukilazimisha mpaka 30 maji yanageuka viboksi viboksi. Dawa iko kwenye kupiga: simu iwe kwenye stendi, hata tofali linafaa, maana mkono ukitetemeka picha nzima inahesabika imebadilika. Rekodi fremu 30. Na chukua ngalawa kwa mbali, achana na povu la miguuni.

Wanaopenda kuandika amri, ffmpeg, programu ya video isiyo na vitufe, inamaliza yote kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i msimbati.mov -vf scale=-2:720 -r 30 -c:v libx264 -crf 26 -preset slow -pix_fmt yuv420p -an -movflags +faststart msimbati.mp4

Hiyo -crf ndo RF ileile, na -an ndo inatoa sauti, ukiitaka ifute weka -c:a aac -b:a 96k.

Mteja akikutumia video kwa WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, vinginevyo inafika imeshabanwa na wewe ukiibana tena inakuwa uji. Ile orijino itunze, usibane iliyobanwa.

Video ndefu, mfano ya kutembeza watu magofu ya Kilwa Kisiwani dakika kumi, usiibebeshe tovuti yako, weka YouTube halafu ipachike. Zile fupi ambazo si za kucheza zenyewe wape poster (picha ya kuanzia) na preload="none" kwenye tagi ya video, mtu anaona picha kwanza na bando haliguswi mpaka abonyeze. Ukimaliza zima waifai, chukua simu ya bei rahisi, fungua kwa data.