Kabla ya kuwasha gari kwenda milima ya theluji

Ukiishi Denver, jimbo la Colorado, Januari haipiti bila mwenzako wa kazini kukuambia: "Jumamosi twende Loveland Pass, theluji imeshuka ya kutosha." Mwaliko mtamu, kwenda kwenye njia ya juu milimani, magharibi ya jiji. Ila usiitikie mpaka uketi na simu yako Ijumaa jioni, maana mambo mengi yanayomrudisha mtu salama kutoka kule huamuliwa akiwa bado jikoni kwake.

La kwanza ni utabiri wa maporomoko ya theluji. Colorado Avalanche Information Center, taasisi ya jimbo, hutoa wa kesho kila siku saa kumi na nusu jioni, eneo kwa eneo. Hatari hupangwa ngazi 1 hadi 5, na hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Tumekulia kwenye alama za shule, kwa hiyo 3 kati ya 5 tunaiona wastani, mtoto kafaulu. Ngazi ya 3 maana yake mtu mmoja akikanyaga pabaya anaweza kuuporomosha mteremko mzima. Ikifika 4 au 5 watu huogopa, wakabaki nyumbani. Ikiwa 3 na jua linawaka, wanatoka. Tarehe 20 Aprili 2013 ilikuwa 3 pale Sheep Creek, karibu na Loveland Pass. Watu 6 wenye vifaa, wanaojua hatari iliyopo, walinaswa wakipita chini ya mteremko. Watano walifariki.

Angalia hapo: chini ya mteremko. Hawakuwa kileleni. Theluji ya Colorado ina tabia yake. Ile ya Oktoba na Novemba huwa nyembamba. Ardhi chini bado ina joto kidogo, hewa juu ni baridi kali, na mvuke unaopanda katikati hugeuza theluji kuwa punje kubwa zisizoshikana. Ukichimba hadi chini ukazifumbata kiganjani, zinachuruzika kati ya vidole kama sukari. Dhoruba za baadaye na upepo huweka tabaka gumu juu yake. Ni kama ubao mzito uliolazwa juu ya mtama: ukiugusa pembeni, wote unateleza. Ndiyo maana unaweza kuwa unatembea bondeni na ukauporomosha mteremko ulio juu yako kutoka hapo ulipo.

Kwa hiyo pitia ramani yenye rangi zinazoonyesha ukali wa miteremko. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoporomoka sana, na 30 si ukuta, ni kama ngazi za kupandia ghorofani. Panga njia inayokaa chini ya 30, na isiyopita chini ya mteremko mkali uliobeba theluji. Kama huna uzoefu, na hata kwangu mimi baada ya miaka kadhaa, hiyo peke yake inatosha kuwa mpango wa siku.

Vifaa ni vitatu na kila mtu abebe vyake: bikoni, yaani kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ili aliyefukiwa apatikane, fito ndefu ya kudungia theluji kumtafuta, na beleshi la chuma. La plastiki liache, maana theluji iliyoporomoka hukaza kama saruji. Aliyefukiwa hukosa hewa, na nafasi yake hushuka sana baada ya dakika 10 hadi 15. Helikopta haifiki kwa muda huo. Atakayekuchimbua ni huyo uliyekuja naye, basi muulize kabla kama amewahi kufanya mazoezi. Aliyenunua bikoni jana na hajui kuibadilisha kutoka kutoa mawimbi ili itafute, mwambie leo mkafanye mazoezi kwenye bustani ya jijini.

Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Kubalianeni pia kitakachowageuza: mkiona poromoko jipya, ufa unaokimbia mbele ya mguu, au mkisikia theluji ikiguna "wuuf" chini yenu, mnarudi kwa njia mliyojia, na yeyote akisema turudi habishiwi.

Mkifika maegesho, washeni bikoni, simu ikae angalau sentimita 20 mbali nayo. Mmoja atangulie hatua chache na yake aiweke kupokea, wengine, zao zikitoa mawimbi, wampite mmoja mmoja. Ambaye bikoni yake haipokelewi arudi garini abadilishe betri.