Filta ya ND kwa wapiga picha wa Mwanza, ununue ipi na uitumieje

Wadau, zile picha za Bismarck Rock ambazo mawe yametulia na maji ya ziwa yamelainika kama ukungu, wengi wanadhani ni kompyuta imefanya kazi. Sio kompyuta jamani, ni filta ya ND, kioo cheusi unachofunga mbele ya lenzi, kinapunguza mwanga ili shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ikae wazi muda mrefu hata jua likiwa linawaka.

Kwenye kununua angalia namba. ND8 inakata stopu 3, ND64 stopu 6, ND1000 stopu 10, na kila stopu moja mwanga unapungua nusu. Ukiniuliza mimi, kama hela inatosha filta moja tu na unapiga sana mchana, chukua ND1000. ND8 kwa jua la saa saba Capri Point haikufikishi mbali, hiyo ni ya asubuhi sana au jioni. Zile ND za kuzungusha, ambazo giza lake linabadilika ukizizungusha, ni nzuri kwa video, ila za bei chee ukizizungusha mpaka mwisho kwenye lenzi pana zinaleta alama nyeusi ya msalaba katikati ya picha na hakuna editing itakayoitoa vizuri, kwa hiyo kwa picha za ziwa mimi sizishauri kabisa.

Saizi imeandikwa kwenye lenzi yenyewe, tafuta kaduara kenye mstari halafu namba, 67 au 77. Nunua ya lenzi yako kubwa, hizo ndogo utazifungia ringi ya kuongezea saizi, ringi ni bei rahisi kuliko filta ya pili.

Sasa kutumia, na hapa mpangilio ndo kila kitu. Tripodi kwanza, kwenye jiwe kavu sio kwenye mchanga unaodidimia. ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, apacha (tundu la lenzi) f/8 au f/11, panga picha yako, weka fokasi HALAFU zima fokasi ya otomatiki iende manyuo, yaani ya mkono, kwa sababu ukishafunga ND1000 kamera haioni kitu na itahangaika kutafuta fokasi mpaka uchoke. Soma muda wa shata bila filta, tuseme imekupa 1/125 ya sekunde, zidisha mara 1000 unapata sekunde 8. Sasa funga filta taratibu usiguse ringi ya fokasi, zima stabilaiza (ile ya kuzuia mtikisiko), weka taima ya sekunde 2 mkono wako usitikise kamera, piga. Ukitaka zaidi ya sekunde 30 kamera nyingi zinakutaka uende balbu, modi ya shata kukaa wazi muda unaotaka wewe, na uwe na rimoti. Kama kamera yako ni ya kioo cha ndani (DSLR), ziba kile kidirisha cha kuchungulia, mwanga unapenyea huko nyuma.

Chagua vitu visivyotembea. Mtumbwi hata ukiwa umefungwa unayumba na wimbi, kwa sekunde 8 utatoka umefifia, mawe na nguzo za gati ndo vinatoka vikali. Ila pale Kamanga watu wakishuka kwenye kivuko hiyo hiyo yumba yumba ndo utamu wenyewe, jaribu sekunde 1 au 2 uone wanavyogeuka vivuli, hapo ND64 inafaa zaidi.

Filta nyingi zinatia rangi kidogo, bluu au kahawia, kwa hiyo piga RAW (faili ghafi la kamera) urekebishe wait balansi, yaani uwiano wa rangi, nyumbani. Na tembea na kitambaa, upepo wa mchana unarusha matone ya ziwa mpaka kwenye kioo.