Foleni ya OPD (wagonjwa wa nje, wasiolazwa) inapungua hata kabla hujaongezewa daktari

Wadau wa vituo vya afya na hospitali za serikali huku Arusha, naandika hii sababu inaniuma kumuona bibi wa watu katoka Tengeru alfajiri, baridi ya mwezi wa saba mnaijua, anakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana anasubiri dawa zilezile za presha alizopewa mwezi uliopita.

Anza kwa kujua foleni inakwamia wapi, usikisie. Chagua siku mbili, Jumatatu ambayo huwa inafurika na nyingine ya katikati ya wiki, kila mgonjwa apewe kikaratasi na kila anapopita aandikiwe saa aliyofika na saa aliyotoka, kuanzia mapokezi, malipo, kupimwa presha na joto, daktari, maabara, kurudi kwa daktari mpaka dirisha la dawa. Jioni kaeni mjumlishe. Kwetu tulipopima hivyo, wote tuliapa tatizo ni chumba cha daktari, kumbe watu walikuwa wanapanga mapokezi, wanaenda kulipa, halafu wanarudi kupanga tena palepale mapokezi kuonyesha risiti! Ile safari ya kurudi haikuwa na kazi yoyote, tukaifuta.

Sasa hesabu, na hapa ndo penyewe. Daktari mmoja akitumia dakika 6 kwa mgonjwa anaona watu 10 kwa saa. Wakija 60 wote saa moja asubuhi na yeye akaanza saa mbili, wa mwisho anaingia karibu saa nane, kakaa karibu saa 7. Wagawe, 20 waje saa mbili, 20 saa nne, 20 saa sita, hapo hakuna anayezidi kama saa 2 na daktari ni yuleyule mmoja. Akichelewa kuanza nusu saa basi wote 60 wamechelewa nusu saa, kwa hiyo kikao cha asubuhi kiishe kabla ya saa mbili, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alisimamie hilo mwenyewe.

Mtasema wagonjwa hawafuati muda. Jamani, wanakuja alfajiri sababu tumewafundisha wenyewe, aliyechelewa anaambiwa namba zimeisha rudi kesho, na nauli keshatumia. Ukimwandikia mtu saa nne kwenye kadi yake akaja saa nne, mhudumie, hata kama kuna waliokaa hapo tangu saa kumi na mbili. Wiki za kwanza kutakuwa na kelele, mweke muuguzi mwenye maneno mazuri awaeleweshe wazee taratibu. Ila msijaze nafasi zote, acheni kama robo kwa wanaokuja bila kupangiwa, mama mwenye mtoto ana homa hakupanga kuumwa.

Anzeni na kliniki za sukari na presha maana hao mnawajua na tarehe zao mnazo. Sukari ipimwe kabla hajaingia kwa daktari, siyo aingie, atumwe maabara, halafu arudi kupanga upya. Aliyetulia na stoku ikiruhusu, daktari amwandikie dawa za miezi miwili au mitatu, mbona CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, wanafanya hivyo siku nyingi na benchi zao zimepungua watu.

Dirisha la wazee nalo liangalieni vizuri. Kibao cha mpisheni mzee tunacho, ila mzee akishapita mapokezi haraka anakutana na foleni ileile ya daktari na ileile ya dawa, sasa tumemsaidia nini? Kipaumbele kimfuate mpaka anapotoka getini, weka alama kwenye faili lake.

Dharura haingii kwenye hesabu hizi kabisa. Muuguzi mmoja azunguke kwenye benchi kila nusu saa aangalie nani anahema kwa shida, nani kalegea, huyo anaingia moja kwa moja na malipo yatafuata.

Mfumo wa kompyuta ukigoma msiwaambie watu wasubiri mtandao, daftari liwe mezani, andika kwa mkono, mtaingiza baadaye. Baada ya mwezi rudieni vile vikaratasi siku zilezile, matokeo mbandike ukutani wagonjwa nao waone.