Vijana wa Nakuru: namna ya kuingiza kifungu chenu kwenye mswada wa taka wa kaunti

Mara ya kwanza kuhudhuria kikao cha kutoa maoni kuhusu taka nilizungumza dakika nne, nikapigiwa makofi, nikanywa chai na mandazi, nikarudi zangu Kaptembwo. Ripoti ilipotoka niliyatafuta maneno yangu. Nikakuta mstari mmoja: vijana waliomba ajira. Mimi sikuomba ajira, nililalamikia ada ya leseni. Tangu siku hiyo siendi kikaoni na mdomo mtupu.

Haya ni kwa vikundi vinavyozoa, kuchambua au kununua taka. Nimeyafanyia Nakuru, ila Kisumu na Kakamega njia ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Jueni mlango wa kubisha

Uzoaji wa taka na majaa ni kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Msimalize nauli kumfuata mbunge. Mtu wenu ni MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, na zaidi yake ile kamati ya bunge la kaunti inayoshughulikia mazingira. Lakini suala la kampuni kuwajibikia chupa na vifungashio vyao baada ya kutumika liko kwenye kanuni za kitaifa za 2024. Mkililia hilo mbele ya kamati ya kaunti, watawaonea huruma na kumwita msemaji anayefuata.

Hatua ya 2: Someni mswada wenyewe

Si tangazo lake, wala muhtasari uliotumwa WhatsApp. Ombeni nakala kwa karani wa bunge la kaunti. Mkizungushwa, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Kando yake wekeni Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia.

Kisha shikeni kalamu nyekundu. Zungushieni kila penye "leseni", "ada", "faini" na "mtu aliyeidhinishwa". Riziki yenu imejificha hapo.

Kama hakuna mswada wowote mezani, bado mna njia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamruhusu mtu yeyote kuliomba bunge la kaunti litunge au kubadilisha sheria.

Hatua ya 3: Pimeni taka zenu

Hapa ndipo vikundi vingi huchoka, na hapa ndipo mtawashinda wenye suti. Azimeni mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa skrepu. Chagueni ploti chache ambazo wenyewe wamekubali, mpime siku saba mfululizo, Jumapili ikiwemo, maana taka ya Jumapili si ya Jumanne. Tenganisheni magunia: ya jikoni, plastiki ngumu, chupa za maji, karatasi, chuma, nepi. Nepi zipeni gunia lake hata kama hamna la kuzifanyia. Hakuna anayetaka kuzitaja, na ndizo zinazojaza mitaro.

Andikeni uzito, tarehe na ploti kwenye daftari moja, kwa mkono wa mtu mmoja. Sisi taka ya jikoni ilipita nusu ya uzito wote. Mheshimiwa aliyekuwa akisinzia aliinua kichwa aliposikia kwamba kaunti inalipia mafuta ya lori kupandisha maganda ya viazi hadi jaa la Gioto, ilhali wafugaji wa kuku wa hapa mjini wanatafuta cha kulisha funza wanaowapa kuku wao.

Hatua ya 4: Kaeni na watu wa jaani

Nendeni Gioto mapema, kabla malori hayajaanza kumwaga. Msiende na kamera. Waulizeni akina mama wanaochambua pale: ada kiasi gani mnaiweza? Broka anapunguza vipi kwenye kilo? Jaa likifungwa mtaenda wapi? Kijana mwenye diploma asiyejua bei ya kilo ya plastiki hana la kumwambia MCA. Kwenye ujumbe wenu mmoja wao awepo, na azungumze mwenyewe.

Hatua ya 5: Andikeni kifungu mbadala

Kamati haina muda wa kugeuza kilio chenu kuwa sheria. Wapeni kikiwa kimeiva. Chora safu nne: namba ya kifungu, kinavyosema, kisemeje, na sababu. Mfano wa kubuni:

Kinavyosema: "Hakuna mtu atakayekusanya taka bila leseni."
Kisemeje: "Kikundi kilichosajiliwa katika wadi kitapewa leseni moja kwa wanachama wake wote, na ada yake haitazidi ya mfanyabiashara mmoja mdogo."
Sababu: takwimu za daftari lenu, kwa sentensi mbili.

Vifungu vitatu vinatosha. Mkileta ishirini, watajichagulia kilicho chepesi.

Hatua ya 6: Pelekeni, mpigiwe muhuri

Chapisheni nakala mbili. Moja ibaki kwa karani, ya pili irudi nanyi ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Tumeni na baruapepe. Kikaoni msemaji wenu ataje namba ya kifungu kwanza, malalamiko baadaye. Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, kwa hiyo hamuombi fadhila. Bado, salimieni vizuri. "Mheshimiwa" haikatwi ushuru.

Ripoti ya kamati ikisomwa, itafuteni mlinganishe na nakala yenye muhuri.

Hatua ya 7: Fuateni pesa

Kituo cha kuchambulia kikiandikwa kwenye sheria bila kuandikwa kwenye bajeti, kitabaki kwenye karatasi. Tundikeni tarehe hizi ukutani: 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti, 28 Februari, mwelekeo wa matumizi, 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Ombi la kituo liingie kabla ya Septemba. Sisi tulipeleka letu Mei, tukaambiwa kwa upole tusubiri mwaka unaofuata.